Neno "terminal" lina maana ngapi?

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi mtakaoyasoma haya gazetini, juma lililopita niliahidi kwamba leo tungezungumza juu ya majina ya samaki wa maji baridi. Naomba radhi. Samaki watasubiri, kwa sababu kuna neno moja la Kiingereza limekuwa likinikera tangu mwaka 2024, na nimeona nilitoe moyoni leo. Neno lenyewe ni "terminal".

Mwezi Mei mwaka ule tulimteremsha mjomba wangu kutoka Mgeta, huko juu milimani Uluguru, tukamlaza katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Alikaa siku tisa. Siku ya kutoka, daktari mmoja kijana, mpole lakini mwenye haraka, aliandika mistari mitatu ya Kiingereza kwenye kadi, akawaambia ndugu zangu kwamba mzee apumzike nyumbani, mengine yameandikwa humo. Mimi sikuwapo, nilikuwa Dar es Salaam kikazi. Mzee akaletwa kwangu Kihonda, na jioni ile ukaitishwa kikao cha kuisoma kadi.

Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyekabidhiwa kadi kwa kuwa ndiye msomi wa mkutano. Akaikuta "terminal". Akasema kwa ujasiri kabisa kwamba terminal ni mtihani wa mwezi wa sita, kwa hiyo babu atapimwa tena mwezi wa sita. Binamu yangu, ambaye ni kondakta wa mabasi, akamkatiza: terminal ni kituo kikuu cha mabasi, kila mtu anajua, na maana yake ni kwamba mzee amepewa rufaa, asafirishwe kwenda Dar es Salaam. Shangazi mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani naye akasema, la, hilo neno aliliona kwenye barua yake ya kupunguzwa kazi, linahusu mafao, pengine mjomba ana fedha zake mahali.

Hoja ya kondakta ndiyo iliyoshinda. Nauli na matibabu ya Dar es Salaam vinataka fedha, basi mjomba akakubali kuuza kiwanja chake kidogo kilichoko Kihonda Maghorofani. Niliporudi siku ya nne nilikuta mnunuzi amekwisha kutoa kishika uchumba.

Nikaomba kadi, nikausoma mstari ule, nikakaa kimya. Nitaeleza baadaye niliona nini. Kwanza nataka niwatetee ndugu zangu, maana wote watatu walisema kweli. Hakuna aliyetunga maana. Kila mmoja alitoa maana aliyokutana nayo katika maisha yake, na zote zimo katika kamusi.

Chimbuko la neno hili ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. "Terminus" kwao lilikuwa jiwe la mpaka wa shamba, kama hizi bikoni zetu za viwanja ambazo watu wa Kihonda wamezigombania hadi kufikishana mahakamani. Warumi waliliheshimu jiwe la mpaka kiasi cha kuwa na mungu mwenye jina hilohilo, na sikukuu yake ilikuwa tarehe 23 Februari. Majirani wa pande zote mbili walikutana penye jiwe, wakalivika mashada ya maua na kutoa sadaka. Husimuliwa kwamba hekalu kubwa la mungu wao mkuu lilipotaka kujengwa katika kilima cha mji wa Roma, miungu mingine ilikubali kuhama pale, lakini huyu wa mipaka alikataa katakata kusogea, ikabidi aachwe ndani ya hekalu. Nadhani maofisa ardhi wetu wangempenda sana.

Kutoka mpaka wa shamba, neno likapanuka likawa mpaka wa kitu chochote, hata wa wakati. Hilo lisitushangaze sisi Waswahili, kwa sababu lugha yetu imefanya hivyohivyo kwa neno "mpaka" lenyewe. Tunasema mpaka wa Tanzania na Kenya, na tunasema nitakungoja mpaka saa kumi. Jiwe limegeuka kuwa saa.

Tukifuata tawi la wakati, tunamkuta yule mtoto wa kidato cha pili. Mpaka wa wakati wa masomo Waingereza wakauita "term", sisi tukauita muhula. Mtihani wa kumaliza muhula wa kwanza ndio ambao wanafunzi wa Tanzania huuita "teminali". Neno hilohilo likachukua maana ya mipaka ya mapatano, yaani masharti, na tena maana ya mipaka ya neno lenyewe, yaani istilahi. Kwa hiyo kazi ya kusanifu istilahi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likiifanya tangu lilipoundwa mwaka 1967 ni kazi ya kupanda bikoni katika shamba la maneno.

Tawi la mahali ndilo la yule kondakta, na hapa Morogoro tuna historia nzuri kuliko wanavyodhani wengi. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, na Desemba 1907 reli ikafika Morogoro. Kwa muda, mji wetu ndio uliokuwa mwisho wa reli. Baadaye ikasogea Kilosa, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Ndiyo maana watu wa Kigoma hujivunia hadi leo kwamba wao ni "mwisho wa reli", na kwa kweli hiyo ndiyo tafsiri safi kabisa ya neno hili. Hatuna haja ya kuitafuta kwenye kamusi, abiria wa daraja la tatu walikwisha kuitunga.

Sasa tazameni jambo lenyewe. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na stesheni yake ya huku imejengwa Kihonda. Tarehe 25 Julai mwaka uleule ikaanza kwenda Dodoma. Hesabuni siku: ni 41. Kwa siku 41, Kihonda ilikuwa mwisho wa reli, kama Morogoro ilivyokuwa mwaka 1907. Baada ya hapo ikawa stesheni ya njiani.

Lakini watu hawakuacha kuiita terminal, na hapo ndipo neno linapoonyesha tabia yake. Zamani jengo kubwa la abiria lilijengwa mahali reli ilipoishia, kwa kuwa ndipo watu wote waliposhuka. Viwanja vya ndege vilipokuja, jengo la abiria likapewa jina lilelile, ingawa ndege haina reli ya kuishia. Pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere tuna Jengo la Pili la Abiria lililofunguliwa mwaka 1984 na Jengo la Tatu lililofunguliwa Agosti 2019, na madereva wa teksi wote husema "teminali tuu" na "teminali srii". Mabasi nayo yakafuata. Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi, kilichozinduliwa Februari 2021, kwa basi litokalo Mwanza ni mwisho kweli. Lakini stendi yetu ya Msamvu? Basi la Mbeya huingia Msamvu, abiria wakanunua korosho na maji, likatoka likaendelea na safari. Hakuna kilichokwisha pale isipokuwa chenji. Hata hivyo nayo huitwa terminal. Bandarini vilevile: kampuni ya TICTS iliyoendesha gati la makontena Dar es Salaam kuanzia mwaka 2000 hadi mwisho wa 2022 ilikuwa na neno hili ndani ya jina lake, ingawa kontena la Lubumbashi lilikuwa ndio kwanza linaanza safari ya barabarani.

Mimi naona Kiswahili kimefanya vizuri zaidi hapa. Tunasema kituo, na kituo ni mahali pa kutua. Mwenye mzigo hutua, akapumzika, akajitwika tena. Halimwambii msafiri kwamba amekwisha.

Mafundi nao wana terminal zao. Zile ncha mbili za betri ya gari, chanya na hasi, ambako nyaya hufungwa, ndipo saketi inapoishia kwenye betri. Kwa hiyo zimepata jina. (Na kwa kuwa tumezigusa: unapofungua betri, anza na ncha ya hasi, spana ikigusa bodi ya gari wakati unafungua ile ya chanya kwanza, utaona cheche zake.) Kompyuta kubwa za zamani zilikuwa chumba kimoja, na nyaya zikaenda kwenye meza za makarani, kifaa cha kuandikia kilichokuwa mwisho wa kila waya kikaitwa hivyohivyo. Wataalamu wa miti nao hawakubaki nyuma. Mkungu, mti ule wa kivuli wenye majani mapana ambao watoto hupenda kokwa zake, jina lake la kisayansi linaanza na "Terminalia", kwa sababu majani yake hujikusanya kwenye ncha za matawi.

Turudi kwa shangazi, maana lake linagusa mifuko ya watu wengi wa Kihonda. Kiingereza cha maofisini husema "terminal benefits", nasi husema mafao ya kumaliza kazi au kiinua mgongo, ingawa kwa sheria hivyo viwili si kitu kimoja, na wengi wamepoteza haki kwa kuvichanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 ilikiweka kiinua mgongo kuwa ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi, isizidi miaka kumi, kwa mfanyakazi aliyetumika mfululizo angalau miezi kumi na miwili. Aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo. Lakini mafao ya kumaliza kazi ni kapu kubwa zaidi: mshahara wa siku alizokwisha kufanya, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, malipo badala ya notisi kama hakupewa, nauli ya kumrudisha alikoajiriwa, na hati ya utumishi wake. Notisi yenyewe, kwa anayelipwa kwa mwezi, si chini ya siku 28. Nimeona barua za watu waliotia saini kwamba wamepokea "terminal benefits" zote, kumbe wamepewa kiinua mgongo peke yake, na walitia saini kwa kuwa hawakujua neno lile ni kapu na si tunda moja.

Wale waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani wanaijua adha ya neno hili kuliko mtu yeyote. Jumuiya iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977. Watu wa reli, wa posta, wa bandari na wa ndege wakajikuta mwajiri wao hayupo. Makubaliano ya kugawana mali na madeni baina ya Tanzania, Kenya na Uganda yalitiwa saini Arusha mwaka 1984, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa watu wake. Kwa upande wa Tanzania madai yalikokotwa hadi mwaka 2005 ndipo serikali na wastaafu wakafikia hati ya makubaliano mahakamani, na hata baada ya hapo wapo walioendelea kulalamika kwamba hesabu haikuwa sawa. Miaka 28. Wengi walifikia mwisho wao kabla ya kupata mafao ya mwisho wa kazi, na Morogoro, mji wa reli, ulikuwa na misiba ya namna hiyo.

Basi, kadi ya mjomba.

Mstari ule ulisema, kwa Kiswahili changu: saratani ya ini, imefikia hatua ya mwisho, atunzwe nyumbani. "Terminal" ya daktari ni ugonjwa usioweza kuponywa, na ambao unatarajiwa kumfikisha mgonjwa kwenye kifo. Haikuwa mtihani, wala rufaa, wala fedha. Kule Dar es Salaam wangekwenda kuambiwa neno lilelile, isipokuwa kwa sauti nyingine, na kiwanja kingekuwa kimekwenda.

Hapa nataka niwe mwangalifu, maana wapo wagonjwa wanaonisikiliza. Neno hili halisemi kesho. Nchini Marekani bima ya afya ya serikali kwa wazee hugharamia matunzo ya namna hii pale madaktari wanapokadiria kwamba mgonjwa ana miezi sita au pungufu ikiwa ugonjwa utafuata njia yake ya kawaida, na hayo ni makadirio, wapo wanaovuka. Wala halisemi kwamba hakuna la kufanya. Hapo ndipo kosa kubwa zaidi lilipo, kubwa kuliko la kondakta. Ndugu wengi wakiisha kuelewa, huacha hata dawa za maumivu, wakisema sasa za nini.

Mganga mmoja wa Kiingereza, Cicely Saunders, alifungua nyumba ya kutunzia wagonjwa wa aina hii mjini London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya mtu huyo si ya mwili tu: yamo na ya moyo, ya familia, na ya roho, na yote yana tiba yake hata pale ugonjwa wenyewe unapokosa tiba. Mafundisho hayo yalifika kwetu. Uganda walianza mwaka 1993 huko Kampala, na wakawa mfano kwa Afrika kwa kutengeneza morfini ya maji ya kunywa kwa gharama ndogo. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa huduma hiyo, na hospitali ya Selian ya Arusha ilijenga utaratibu wa kuwafuata wagonjwa majumbani.

Kwa Kiswahili huduma hii tunaiita tiba shufaa. Napenda sana uchaguzi wa neno hilo. Shufaa ni maombezi, ni kumsimamia mtu na kumwombea mbele ya mwenye uwezo. Kiingereza kimeweka jiwe la mpaka. Kiswahili kimemweka mtu wa kusimama na mgonjwa pale penye jiwe. Sijui ni nani aliyelipendekeza, lakini ningemkuta ningempa mkono.

Mkipewa kadi yenye neno hili, basi, msitoke chumbani kwa daktari. Mwombeni aseme kwa Kiswahili. Muulizeni: je, ugonjwa huu unatibika au tunatunza tu? Maumivu yakizidi usiku tumpe nini, na tukipate wapi? Kuna mtu wa tiba shufaa hapa? Kwenda hospitali nyingine kutabadilisha nini? Daktari mwenye haraka atanuna kidogo. Anune. Na madaktari vijana mnaonisikiliza, nawaomba: "ugonjwa umefika hatua ambayo hatuwezi kuuponya, lakini tunaweza kumpunguzia maumivu" ni maneno yasiyotimia dakika moja kuyasema.

Mjomba aliniita usiku ule ule niliporudi. Akaniuliza, "Mpwa wangu, kimeandikwa nini?" Desturi yetu ni kumficha mgonjwa, na dada zangu walikuwa mlangoni wakinikonyeza. Nilimwambia. Akanyamaza kitambo, akasema alikwisha kujua tangu akiwa Mgeta, ila aliona aibu kuwakatalia vijana waliokuwa wanahangaika. Kisha akaagiza mnunuzi aitwe arudishiwe fedha zake. Mnunuzi alikuwa mstaarabu, hakudai riba wala usumbufu.

Tuliuliza tukampata muuguzi wa kuja nyumbani na chupa ya morfini, na kuanzia siku ile mzee alilala usiku. Wiki zilizofuata alifanya mambo yake: alimwita jamaa wa Mgeta aliyekuwa anamdai gunia la viazi la tangu zamani, wakamalizana, akawataja watoto wa dada zake mmoja mmoja na shamba la kila mmoja, akakataa kabisa kuzikwa mjini. Katikati ya Juni, treni zilipoanza, aliomba apelekwe stesheni ya Kihonda akaione. Tulimkalisha kwenye kiti nje ya uzio. Akauliza inaishia wapi. Nikamwambia, kwa sasa inaishia hapa. Akasema zile nguzo za umeme mbona anaziona zinaendelea.

Tulimpandisha Mgeta mwezi Agosti. Kiwanja kipo, na yule mtoto wa kidato cha pili ndiye anayepalilia mihogo pale.

Juma lijalo ni samaki, inshallah.